Kura Zilizolala Kifudifudi

Muulize muuza maharage yeyote pale soko kuu la Iringa, atakwambia: Asmaa binti Makame akisimama mbele ya gunia lako, usijisumbue kumsifia yale ya juu. Atapandisha mkono wa baibui hadi kwenye kiwiko, atauzamisha mkono mpaka chini kabisa ya gunia, na ataibuka na konzi ya yale uliyotaka yabaki huko huko. Kisha atakuangalia. Hatukani, hagombi, anakuangalia tu, mpaka unashusha bei mwenyewe.

Hakuzaliwa hivyo, jamani, alifundishwa. Baba yake Makame, mtu mwenye asili ya Pangani, alikuwa na duka Miyomboni, na mchezo aliomfundisha bintiye haukuwa rede wala kombolela. Alikuwa anampangia vibaba kwenye kaunta, kimoja kikiwa kimeinuliwa kitako kwa ndani, anamwambia akitafute. Asmaa akikosea, hana peremende. Akipatia, anapewa peremende pamoja na onyo kwamba wezi hawaoti pembe, wanatabasamu kama watu wengine. Mtoto akakua na maneno hayo. Leo ana miaka hamsini na ushee, ni mjane, na hata maji ya chupa hanywi mpaka akisikie kizibo kikikatika. Binti yake Naima, muuguzi huko Mbeya, humtania: "Mama, wewe hata Izraili akija utamwomba kitambulisho."

"Asipokuwa nacho si atarudi alikotoka," humjibu.

Sasa mtu wa namna hii utampa kazi gani? Muungano mmoja wa vyama vya wakulima na vya akiba huku Nyanda za Juu ulimpatia ile ile inayomfaa: kuhakiki chaguzi za vyama hivyo baada ya kura kuhesabiwa. Si uchaguzi wa Rais wala wa mbunge, huko kuna wenyewe. Hizi ni chaguzi za mwenyekiti wa mfereji, mweka hazina wa kikundi, mjumbe wa bodi ya ghala. Usizicheke! Watu wamerogana kwa hizo kuliko kwa ubunge.

Wengi hudhani kuhakiki ni kuhesabu upya. Asmaa akisikia hivyo hucheka kwa dharau. Kuhesabu upya, anasema, ni kumwomba mwizi arudie wimbo wake. Yeye huanza na lakiri ya sanduku, kama imekatwa ikabandikwa. Hufuata watu waliotia saini kupewa karatasi, awalinganishe na vishina vilivyobaki, na vishina na karatasi zilizomo. Mwisho huitazama karatasi yenyewe. Kijiji kimoja njia ya kwenda Mgololo aliwahi kukuta hesabu imekaa sawa kabisa, kila mtu anacheka, soda zimeshafunguliwa. Akachukua bunda moja akalipitisha kidole. Karatasi laini, hazina mkunjo. Karatasi isiyokunjwa imepitaje kwenye kitundu cha sanduku? Soda ziliachwa mezani zikaisha gesi, na mwenyekiti mpya akapitia dirishani.

Tangu siku hiyo jina likaenea. Wakisikia Asmaa anakuja, hata wasioiba walikuwa wanajikagua mifuko.

Mwezi wa tatu, mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, akaitwa Ubaruku. Ushirika wa Mfereji wa Chini ulikuwa umemchagua mwenyekiti, mtu anayepanga zamu za maji, yaani mtu anayeamua nani atavuna na nani atalia. Aliyetangazwa mshindi ni Jailos, mwenye mashine mbili za kukoboa. Aliyeshindwa, kwa kura chache mno, ni Mzee Asukile, Mnyakyusa aliyehamia huko kutoka Rungwe zamani, mzee mrefu mwenye fimbo na koti la sufi asilolivua hata jua likiwaka. Mzee huyo akakata rufaa kwa sababu moja tu. Kura zilihesabiwa kwenye meza tatu, na meza ya pili, yenye kura za mtaa wake mwenyewe, ilimpa sifuri.

"Sifuri, mama," alimwambia Asmaa siku alipofika, baada ya kuitikia shikamoo yake. "Mimi mwenyewe nilipiga kura hapo. Ina maana nami sikujipigia?"

Asmaa akahisi damu inamchemka kwa furaha. Mkaguzi hupenda sifuri kama paka apendavyo dagaa. Mtu anaweza kuchukiwa, anaweza kushindwa vibaya, lakini sifuri mtaani kwake? Hiyo imepikwa. Kazi ni kumjua mpishi.

Alianza kumshuku Jailos, kwa kuwa Jailos alikuja kumpokea na pikipiki mpya na pakiti ya mchele wa kunukia. Mchele akaukataa, pikipiki akaipanda maana matope yalikuwa mengi. Kisha akamshuku Mwalimu Gerson, mtu wa Kalenga aliyeoa huko, ambaye alikuwa karani wa meza hiyo ya pili na ambaye kila akiulizwa swali alikuwa anafuta miwani. Kisha akaongea na katibu wa ushirika, Ombeni, mtu wa maneno mengi na sauti ya chini, na shuku zake zote zikahama zikaenda kwa mtu mmoja.

"Mezani walikuwa wawili," alisema Ombeni. "Gerson na Sekela. Sekela ndiye aliyekuwa anafungua karatasi, anasoma jina kwa sauti, anampa Gerson apange. Sasa huyo Sekela, mama, ni mkwe wa Mzee Asukile. Mjane wa mwanawe, Isakwisa."

"Mkwe? Mlimwekaje mezani mkwe wa mgombea?"

"Kanuni inakataza ndugu wa damu. Mkwe si damu. Halafu Mzee alichukua fomu siku ya mwisho, makarani tumeshawapanga. Sekela alikuja kuniambia hawezi kukaa meza hiyo. Nikamuuliza kwa nini, akainama. Nikamwambia basi, nenda kakae, sina mtu mwingine." Ombeni akasogeza kiti. "Ila nikupe siri? Hawa wawili hawasemeshani."

"Tangu lini?"

"Tangu niwajue. Akimwona mzee barabarani anapinda, bora apite kwenye tope. Mzee akiingia dukani, yeye anatokea mlango wa nyuma. Jina la mzee hulisikii mdomoni mwake hata siku moja. Na Isakwisa alipofariki kulikuwa na ugomvi wa shamba kwenye familia ile, muulize yeyote."

Kikulacho ki nguoni mwako! Asmaa hakuhitaji zaidi. Mjane, shamba, baba mkwe asiyesemeshana naye, na karatasi za kura zikipita mikononi mwa mjane huyo huyo. Hata Makame kaburini angetikisa kichwa akakubali.

Kesho yake asubuhi ukumbi wa ushirika ulijaa. Wagombea wawili walikaa mbele, Jailos na shati la drafti, Mzee Asukile na koti lake. Asmaa akafungua kanuni akawasomea, taratibu, kwa ile sauti yake ya kuponda kokoto. Karatasi zikishatolewa hazitoki ukumbini, na mkaguzi haziachi. Karani akiitwa lazima afike ukumbini mbele ya karatasi, na asipofika anafutwa uanachama, na shamba lake la mfereji linarudi kwa ushirika. Mlalamikaji akitoka ukumbini kabla ya kutia saini ripoti ya uhakiki, lalamiko lake limekufa, na matokeo ya mwanzo yanabaki. "Mmenisikia?" akauliza. Wakaitikia kama darasa.

Lakiri ilikuwa nzima. Saini, vishina na karatasi zikakubaliana. Asmaa akazidi kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu wizi mbaya ni ule usiopoteza karatasi. Akafungua mabunda ya meza ya pili. La Jailos, safi. Bunda la mgombea wa tatu aliyejitoa dakika za mwisho, vikaratasi vichache, safi. Likabaki bunda la zilizoharibika. Lilikuwa nene. Akalikata uzi, akaipindua ya kwanza.

Picha ya Mzee Asukile, na alama ya vema ndani ya kiboksi, imenyooka vizuri. Ya pili, Mzee Asukile. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Zina mikunjo yao, alama zao hazina ubishi hata kidogo. Zilizoharibika kweli zilikuwa chache tu, nyingine zote zilikuwa zake. Ukumbi ukalipuka.

"Lahaula!" Asmaa akaziinua juu kila mtu azione. "Hizi zimeharibikia wapi? Mwalimu Gerson, simama!"

Gerson akasimama, miwani mkononi. "Mama, mimi zile za kifudifudi sikuzigusa. Tulifundishwa iliyoharibika inalazwa kifudifudi mkono wa kushoto. Sekela alikuwa anailaza, mimi najua imeharibika. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani. Mwisho nikazifunga."

"Na ulipoona mzee hana hata moja?"

"Nikasema siasa."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Asmaa akamgeukia wakala wa Jailos, naye akasema aliona, ila alidhani makarani wanajua wanachofanya. Muongo huyo! Alijua vizuri, lakini nani atapiga kelele kwa kupewa? Wakala wa Mzee Asukile je? Alikuwa ameondoka katikati, amepigiwa simu ya msiba wa mjomba wake.

"Aitwe Sekela," akasema Asmaa.

Ombeni akapiga simu, akamkumbusha kwamba asipofika shamba linakwenda, Sekela akasema anakuja, hakai mbali. Asmaa akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu, macho nje na sikio kwenye karatasi zake. Hapakupita muda akamwona mwanamke amejitanda kitenge, anakuja kwa haraka kwenye njia ya mfereji. Wakati huo Mzee Asukile alikuwa amesimama mlangoni, ndani ya kizingiti, anatema mate nje. Mwanamke akainua macho, akamwona. Akageuka hapo hapo! Akajifunika kitenge usoni, akaruka tuta la jaruba, akapotelea nyuma ya mashine ya kukoboa.

"Huyoo!" Asmaa akapiga kofi dirishani. "Mmemwona? Mwenye hatia humjui kwa kukimbia?"

Aliona kazi imekwisha. Miaka yote hiyo ya kuingiza mkono kwenye magunia ilimwambia, hata kabla ya kumsikiliza mtu, kwamba ameshika punje iliyooza. Mzee Asukile akarudi akakaa. Alikuwa amenyamaza tangu bunda lile lifunguliwe, na Asmaa alidhani ni uchungu wa kusalitiwa na mtu wa nyumbani. Sasa akainuka kwa fimbo yake.

"Mama mkaguzi, naomba niseme. Huyo mtoto hakuiba."

"Mzee wangu, kura zako hizi hapa."

"Naziona. Ndiyo maana najua hakuiba." Akavuta pumzi. "Sisi kwetu mkwe wa kike hamtazami baba mkwe. Hakai naye mahali pamoja, hamsemeshi, halitamki jina lake. Tunaita ukutila. Ni heshima. Wengi wameacha siku hizi, hata huko Rungwe wanacheka. Lakini marehemu mke wangu ndiye aliyemlea Sekela katika ndoa, na hakuacha kumfundisha kitu. Nyie mmemweka mtu huyo mezani, mmempa picha yangu aitazame, mmemwambia alitaje jina langu kwa sauti mbele ya watu. Angefanya nini? Amezilaza kifudifudi ili mwenzake azisome. Huyu mwalimu ni Mhehe, hajaelewa. Ndiyo hayo tu."

Wanyakyusa waliokuwa nyuma wakaanza kugunaguna na kutikisa vichwa. Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Eee, si kila mtu anajua?" Ombeni akawa anatazama viatu vyake. Miaka kumi na kitu ameishi nao, na kila alichokiona alikiona sawasawa, ila alikisoma kinyume.

Na Asmaa? Mnadhani aliamini? Thubutu! Alimtazama mzee kama anavyotazama maharage ya juu. Hadithi nzuri, imekamilika, imekuja wakati inapohitajika. Familia ikishikwa hujifunika shuka moja. Nani ajuaye, pengine mzee ameona aibu ya mkwe wake kuitwa mwizi kuliko aibu ya kushindwa.

"Ninaheshimu mila," akasema, "lakini mila haitii saini. Aje mwenyewe, hapa, mbele ya karatasi, anionyeshe alivyofanya. Asipokuja, nimemfuta."

"Hawezi kuingia mimi nikiwepo," akasema mzee.

"Basi mama," Ombeni akaingilia kati, "si umfuate huko nje, ni hapo tu nyuma ya mashine?"

"Niache karatasi wazi mezani na wagombea wawili? Kaka, unanijua?"

Hapo ndipo penyewe. Angeweza kuzirudisha sandukuni, akazifunga upya, akatoka. Ni usumbufu, ni lakiri mpya, ni saini za watu wote, lakini inawezekana, na yeye alijua inawezekana. Hakutaka. Shuku ilishamkaa moyoni ikajipatia kiti. Alifikiri: wakinitoa nje tu, kuna mtu atafanya jambo.

Mzee Asukile akauliza polepole, "Akifutwa, shamba linakwenda?"

"Linakwenda. Nimewasomea."

"Ana watoto watatu. Na mimi nikitoka?"

"Ukitoka kabla ya kutia saini lalamiko lako limekufa, mzee. Jailos anabaki mwenyekiti. Hata kura hizi zikiwa zako zote."

Mashine ya Jailos ikasikika nje, ikikoboa mpunga wa watu.

"Nisomee tena hapo," akasema mzee.

Akamsomea tena. Mzee akasikiliza kichwa kikiwa upande, akakohoa, akafunga kifungo cha juu cha koti. "Haya. Andika kwamba nimetoka. Kisha mwite mtoto aingie."

"Mzee Asukile, kaa chini!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Umeshinda!" Mwingine akamshika mkono. Akaunasua kwa upole, akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, ndaga," akapita katikati ya viti fimbo ikigonga sakafu, akatoka. Hakusimama barazani. Alikwenda moja kwa moja kwenye njia ya juu, ile ya mbali, ili njia ya mfereji ibaki wazi.

Asmaa akaandika. Kalamu ilikuwa nzito, lakini akaandika, na bado akajiambia: tuone.

Sekela aliingia miguu imejaa tope mpaka magotini, mwanamke wa miaka kama arobaini, ametanda kitenge, anatazama huku na huku. Alipoona kiti cha mbele kitupu akashusha mabega. Akaamkia, akaomba radhi kwa tope.

"Kaa hapa," Asmaa akamwambia. Hakumuuliza kitu. Alichanganya karatasi konzi moja, za Jailos na za mzee na za yule aliyejitoa, akazikunja kama zilivyokuwa, akazisukuma mbele yake. "Zisome kama siku ile."

Sekela akachukua ya kwanza, akafungua. "Jailos," akasema, akaiinua, akaisogeza kulia. Ya pili, Jailos. Ya tatu akaifungua nusu, na kabla hata haijanyooka shingo yake ilikuwa imeshageuka pembeni, kitenge kimeshuka usoni, na mkono wa kushoto umeilaza karatasi kifudifudi mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akachukua ya nne. "Jailos." Ya tano, shingo ikageuka tena. Hakuigiza, maana mwigizaji hutazama kwanza. Mikono yake ilikuwa inafanya kabla yeye hajaamua.

"Hizo za kushoto ni za nani?" Asmaa akauliza.

"Za yule baba."

"Baba yupi?"

Sekela akainama. "Baba wa baba Tumpe." Tumpe ni mwanawe wa kwanza. "Nilimwambia mwalimu kabla hatujaanza. Nikamwambia, zile ambazo siwezi kuzisoma nakulazia kushoto, uzisome wewe. Akaitikia kwa kichwa."

Gerson akafumba macho. "Sikusikia kitu, dada. Mvua. Nilitikisa kichwa tu."

Asmaa alikaa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa ameingiza mkono mpaka chini ya gunia, na huko chini hakukuwa na kitu kibovu. Punje ya juu ilikuwa njema, na ya chini ilikuwa njema, na yeye amemwaga gunia zima.

Akamgeukia Jailos. Alijaribu, tumpe haki yake, alijaribu. "Ndugu Jailos, umeona mwenyewe. Kura hizi ni za mzee, na zinazidi zako. Ametoka kwa sababu ya heshima tu. Ukikubali kwa hiari tumwite arudi, tutie saini upya, mimi nitaandika maelezo."

Jailos akajinyoosha kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mtu wa biashara. "Mama mkaguzi, mimi sijaiba kitu, umehakikisha mwenyewe. Na kanuni umetusomea asubuhi, tena ukatuuliza kama tumesikia. Tulisikia."

Hakuna aliyempigia makofi. Asmaa akaandika kwamba karani Sekela hana kosa, uanachama wake uko palepale, shamba lake ni lake. Akaigonga muhuri. Akaandika ya pili, kwamba lalamiko limekufa kwa mlalamikaji kuondoka, akaigonga na hiyo. Watu wakaanza kutoka kimyakimya, Jailos akapewa mkono na wachache.

Sekela alibaki amekaa, anafuta tope la mkono kwa pembe ya kitenge. Kanuni ya mlalamikaji kutoka ilipokuwa inasomwa, hakuwepo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepona.

"Ahsante, mama yangu," akasema. "Nilidhani leo watoto wangu wanalala bila shamba. Kwa hiyo yule baba ameshinda?"

Asmaa angeweza kumdanganya. Alifikiri kumdanganya, yeye binti Makame. Akashindwa.

"Kura zimempa. Kiti kimempita. Kanuni inasema akitoka kabla ya saini, amepoteza."

"Sasa kwa nini alitoka?"

"Ili wewe uingie."

Mikono ya Sekela ikasimama. "Alikuwa anajua?"

"Nilimsomea. Akaniambia nirudie, nikamsomea tena."

Sekela hakulia. Alitazama lile bunda mezani, ile migongo myeupe ya karatasi, akaangalia pembeni haraka kwa mazoea. "Mume wangu alipokufa," akasema, "mashemeji walikuja na kamba kupima shamba wagawane. Yule baba ndiye aliyewafukuza. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani, nasikia sauti yake tu nje, anasema shamba ni la mama Tumpe, na atakayeligusa amegusa jicho langu. Sijawahi kumwambia ahsante, mama. Siwezi, siruhusiwi. Siku ya kura nikasema leo nimepata njia. Nikaifunika ile picha kwa kidole gumba, nikaweka alama yangu pembeni. Kura yangu imo humo."

Akamtazama Asmaa usoni kwa mara ya kwanza.

"Mngeniacha mkanifuta."